Bomu la Karisa

Anayetaka kuwatembeza watu katika mji wa kale wa Malindi asianze na kitabu, aanze na miguu. Vaeni makubadhi ya ngozi yaliyokwisha kulainika, si viatu vipya vya kung'ara mlivyonunuliwa na shangazi. Kiatu kipya kitakuuma kabla safari haijafika nusu, na kiongozi anayechechemea hasikilizwi. Wageni humtazama kisigino badala ya mdomo. Nayajua haya kwa sababu siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya harusi ya kaka yangu. Kuna bibi mmoja wa Ulaya ambaye, nina hakika, hadi leo akiikumbuka Malindi anakumbuka malengelenge yangu.

Nimeombwa niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi hii machache ninayoyakumbuka. Machache! Nimetembeza watu miaka ishirini na sita, na mdomo wangu mnaujua. Basi nitawapa moja tu, lile kubwa, nalo ni kosa langu. Nikianza kupiga chuku mahali, nivumilieni, ndio mazoea ya kazi.

Mimi ni Karisa, mtoto wa kijiji cha Adu, kwa wakulima wa mahindi na mihogo. Nilikuja mjini nikiwa kijana, nikafanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni hotelini, kisha nikapanda cheo nikawa wa kuwaongoza. Siku hizo kuongoza wageni kulikuwa kuwapeleka ufuoni, kwenye nguzo ya Wareno na dukani, basi. Halafu nikapelekwa Nairobi kwenye semina ya waongoza watalii. Siku ya mwisho mama mmoja mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa kazini, alitutembeza mji mkuu kwa miguu kutuonyesha mambo ya vita. Alitusimamisha mbele ya sanamu za askari na wapagazi, watu weusi kama mimi, akatueleza jinsi wapagazi walivyobeba mizigo ya vita vya wazungu hadi wakafa njiani. Magari yalikuwa yakipiga honi nyuma yetu na mimi siyasikii. Nilikuwa nimesoma habari za vita shuleni nikapata alama nne kati ya ishirini. Hapo, nimesimama kwa miguu yangu mahali penyewe, nilielewa yote kwa saa moja.

Nilirudi Malindi kichwa kikichemka. Malindi si mji mkuu wa nchi, ingawa ukiwasikiliza wenyeji wa mji wa kale utadhani Nairobi ni kitongoji chake. Lakini vita vya pili vya dunia vilifika hapa! Ndege za Waitaliano ziliangusha mabomu juu ya mji huu, na leo wajukuu wa Waitaliano hao hao wamejenga nusu ya ufuo wetu na kutufundisha kula tambi. Habari tamu namna hiyo ilikuwa imelala tu, hakuna aliyeitembeza. Nikaapa nitaitembeza mimi.

Mtoto wa Adu hakuujua mji wa kale. Kwa hiyo nilimfuata Mzee Shee wa Mambrui, aliyekuwa amestaafu posta baada ya kupeleka barua za mji wa kale nyumba kwa nyumba, kwa miguu, maisha yake yote. Alijua nani anaishi wapi, nani hasemi na nani, na mbwa wa nani anauma. Yeye ndiye aliyenipa kanuni ninazowapa sasa. Asubuhi ambaa na kuta za mashariki, jioni na za magharibi, na hutaunguza mgeni. Usinyooshe kidole kwenye dirisha la mtu. Salimu kwanza, eleza baadaye. Piga hodi hata mlango ukiwa wazi. Na iliyo kubwa kuliko zote aliirudia kila tulipopinda kona: mwenye mlango ndiye mwenye habari, muulize yeye.

Nne za kwanza nilizishika vizuri sana.

Mwaka wa kwanza niliona aibu kuwaambia Waitaliano ndege zilikuwa za nani. Nilikuwa nikisema "ndege za adui" na kupita haraka. Siku moja Mzee Shee alitufuata nyuma polepole na fimbo yake, akanisikia. Wageni walipoondoka aliniambia adui huyo ana jina, na kwamba ukimficha mgeni jina la babu yake umemfanya mtoto. Safari iliyofuata nikalisema. Mzee mmoja wa Kitaliano akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ndogo: yalianguka wapi?

Hapo nikanasa. Sikuwa na mahali pa kumwonyesha. Tangu siku hiyo kila kundi liliuliza swali hilo hilo, na mimi kila mara nikawa nazungusha mkono hewani kama anayefukuza nzi. Mnajua jinsi safari isiyo na mwisho mzuri inavyochosha. Nikaanza kutafuta shimo.

Nikalipata! Nyuma ya nyumba kuukuu ya mawe, kwenye kichochoro kimoja karibu na msikiti, palikuwa na shimo pana, la kina cha mtu mzima, limeota nyasi, na kingo zake nyeupe pe. Mlinzi wa jengo la jirani, mtu wa bara aliyekuja mwezi uliopita, nilimwuliza kama ni la bomu. Akasema huenda. Hiyo "huenda" ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu wote. Mlango wa nyumba yenyewe ulikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa nimesimama, na sikuubisha.

Basi nikaliremba. Niliwasimamisha wageni ukingoni, nikashusha sauti, nikawaambia watazame ule weupe. Moto wa bomu, nilisema, ulikuwa mkali hata ukayageuza mawe kuwa majivu meupe. Nilikuwa nikiokota kipande na kukisaga kati ya vidole mbele yao. Watu walipiga picha, wengine walifuta machozi. Watoto wa mtaa wakalipa shimo jina, wakaliita Bomu la Karisa, na wakiniona wakaniamkia, "Shikamoo mzee wa bomu," huku wameziba midomo. Nikaona ni heshima. Mzee Shee, ambaye kufikia hapo miguu ilikuwa imemlaza kitandani Mambrui, nilipomhadithia aliniuliza neno moja tu, kama mwenye mlango nimemwuliza. Nikamjibu ndiyo.

Miaka kumi na mmoja nilifanya hivyo.

Halafu kamati ya mji ikaamua kuweka kibao cha kumbukumbu za vita. Kiwekwe wapi? Wapi tena, kwenye Bomu la Karisa! Kibao kilichongwa, maneno niliyatunga mimi, na Jumamosi ikapangwa: wanafunzi wangekuja, wakubwa wangekuja, na mimi ningetembeza msafara wote. Nilishonesha kanzu, mimi Mkristo wa Adu, kwa furaha tu.

Alhamisi asubuhi nikaitwa. Ule mlango wa hatua sita ulifunguka, na sauti ya mwanamke ikaniambia nipite ndani. Alikuwa Bi Rukia, ajuza wa miaka karibu themanini, mdogo wa umbo, macho makali, amejitanda kanga. Nilikuwa nimempita dirishani kwake mara maelfu bila kumjua sura. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikalisha jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa viti alikuwa amevianika uani, akanimiminia kahawa. Akaniomba nimfungulie mtungi wa achari ya ndimu. Juu ya kifuniko palikuwa na pande la chuma cheusi, limepindika, kingo zake zimechanika. Nikaliinua kwa mikono miwili. Lilikuwa zito, linanuka siki.

"Karisa mwanangu," akasema, "kwenu Adu mwajenga nyumba kwa kitu gani?"

"Kwa fito na udongo, bibi."

"Basi ndiyo maana."

Akanieleza bila haraka, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Zamani mawe ya matumbawe yalichomwa juu ya rundo la kuni hadi yakawa chokaa, kisha chokaa ikatiwa shimoni na maji, ikaachwa ilowe miezi hadi iwive ndipo ijenge. Kila mtoto wa mji wa kale alijua shimo la chokaa ni nini, maana alichapwa kila alipolisogelea. Nyumba aliyokuwa akiniandalia kahawa ndani yake, kuta zake zote, ilikuwa imetoka katika shimo langu la bomu.

Nilihisi masikio yanawaka. Weupe ule! Majivu ya moto wa vita! Na mimi nayasaga kati ya vidole mbele ya maprofesa.

"Na mtaa mzima ulijua?" nikamwuliza.

"Mtaa mzima."

"Mbona hamkuniambia, bibi?"

"Tungekwambiaje, nawe kila siku una wageni? Mtu hafedheheshwi mbele ya wageni wake. Tulikuwa twafunga madirisha tucheke."

Yaani walinisitiri. Miaka kumi na mmoja watu wa kichochoro kile, wazee kwa watoto, walinisikia nikisema upuuzi chini ya madirisha yao, wakanifunika kwa adabu. Mimi kwetu Adu ningeshazomewa siku ya kwanza na habari ingekwisha. Vijana, mkifanya kazi mji wa kale mkaona watu wanawatazama wakitabasamu bila kusema neno, msifurahi upesi.

Lakini Bi Rukia hakuwa ameniita kunicheka. Bomu, akasema, lilianguka kweli, na alikuwepo. Alikuwa mtoto wa miaka saba. Lilianguka karibu na kisima cha kwao, kiwanja cha pili kutoka pale, na mama yake ndiyo kwanza alikuwa amekiacha kisima kurudi ndani kufuata kamba ya ndoo. Kamba tu! Bomu liliung'ata ukingo wa kisima, na mama alitoka ndani akiwa na kamba mkononi, asijue aifunge wapi. Tangu mwaka huo, siku hiyo ikifika, mama alipika uji wa tangawizi, hitima ikasomwa, watoto wa jirani wakanyweshwa pale kisimani kwa shukrani. Mama alipofariki, Bi Rukia akaendelea. Kisha jamaa zake wakakiuza kiwanja, na mnunuzi angeanza kuchimba msingi Jumatatu. Tingatinga lilikuwa limeshaletwa.

"Sitara imenishinda, mwanangu," akasema. "Kibao chenda kwenye chokaa, na kisima cha mamangu chenda kufukiwa. Nikisema mimi, wataniita kikongwe. Wewe ndiwe wanaokuamini."

Nikamwuliza kama ana chochote cha kuwaonyesha watu. Akacheka, akaniashiria lile pande la chuma nililokuwa bado nimelipakata.

"Hilo ndilo bomu," akasema. "Babangu alilichomoa kisimani. Zito zuri, lafaa achari."

Sitawadanganya tena, nilitoka mle nikiwa na hofu kuliko furaha. Jina langu lote lilikuwa limesimama ukingoni mwa lile shimo. Nikisema kweli, nani atanipa wageni? Nikinyamaza, Jumatatu tingatinga litamaliza kazi na hakuna atakayejua, ila kichochoro kizima, na mimi. Ijumaa nilikwenda Mambrui kwa Mzee Shee, nikamwambia yote, pamoja na uwongo niliomwambia yeye. Alicheka hadi akapaliwa, ikabidi binti yake aje kumpa maji.

"Njia ya mwongo ni fupi," akaniambia alipopata pumzi. "Yako imefika miaka kumi na mmoja. Una miguu mizuri, Karisa."

Jumamosi ikafika. Wanafunzi walijaa kichochoro, wakubwa wamekaa viti vya mbele, kibao kimefunikwa kitambaa chekundu, na madirisha yote yamefungwa. Sasa nilijua kwa nini yalikuwa yamefungwa. Bwana Mutua, mwenye kile kiwanja, alikuwa amealikwa pia kama jirani. Ni Mkamba aliyehamia kwetu zamani, muuza saruji na mabati, mtu wa sauti kubwa na moyo mweupe. Mwenyekiti wa kamati akanisifu, akanikaribisha nieleze. Kanzu yangu mpya ilikuwa imenigandia mgongoni kwa jasho.

"Ndugu zangu," nikasema, "kitambaa hicho msikifunue. Hili si shimo la bomu. Ni shimo la chokaa, na mimi nimekuwa nikiwadanganya kwa sababu sikubisha mlango ule pale."

Mwenyekiti alibaki mdomo wazi. Kisha dirisha moja la juu likafunguka kidogo, na ndani mwanamke akasema, "Alhamdulillahi, amejua." Hapo kicheko kikatoka! Kilitoka dirisha hili na lile, wanawake, wazee, watoto juu ya dari, kicheko kilichowekwa akiba miaka kumi na mmoja, kikajaa kichochoro hadi wanafunzi nao wakacheka wasijue wanacheka nini, na mimi mwenyewe nikacheka machozi yakinitoka. Wallahi sijawahi kufurahi namna ile kazini. Mzigo nilioubeba bila kujua ulikuwa umeanguka chini.

Nikawaambia bomu lipo, nifuateni. Na watu wote wale, wakubwa na viti vyao mkononi, wakanifuata hadi kiwanjani kwa Bwana Mutua. Nilikuwa nakaribia kukimbia! Bi Rukia alikuwa ametangulia kwa uani, amevaa buibui, amesimama kando ya kisima kilichoota magugu, na mpwa wake amembebea lile pande la chuma ndani ya ungo. Tukafyeka magugu kwa mikono. Ukingo ulikuwa umeng'atwa upande mmoja, na katikati ya jeraha hilo kulikuwa na mfuo mrefu ndani ya jiwe. Bi Rukia aliniashiria nichukue chuma nikiweke. Kikaingia pale kama kifuniko kwenye chungu chake.

Sijui niwaelezeje. Mwalimu mmoja alishika kichwa. Nilimkumbuka yule mzee wa Kitaliano aliyevua kofia na kuniuliza yalianguka wapi, nikatamani awepo nimjibu.

Bwana Mutua alikuwa amechutama. Alipitisha kidole kwenye mfuo, akainua macho. "Mbona hamkuniambia?" akasema. "Mimi niliona magugu, nikadhani ni shimo la taka."

"Hukuuliza, nasi hatukusema," Bi Rukia akamjibu. "Sote tumekosa."

Jumatatu tingatinga lilichimba, ila lilichimba hatua nane mbali zaidi. Ukienda leo utaiona nyumba ya Bwana Mutua imekunja kiwiko upande mmoja kukipisha kisima. Mafundi walimlaumu sana kwa kuharibu ramani. Kibao kiko pale, maneno aliyatunga Bi Rukia, nayo ni machache kuliko yangu. Miaka mitatu baadaye Mungu alimchukua. Siku ya mabomu ikifika, uji wa tangawizi unapikwa bado, jikoni kwa Bwana Mutua, na mke wake anamwita shehe asome hitima, naye na mumewe wanakaa pembeni kimya hadi iishe. Mwaka wa kwanza alitia sukari kidogo mno. Watoto wakanywa wakamwambia ni mtamu sana. Nikamvuta kando nikamwambia ukweli, maana nilishajua watoto wa mtaa ule walivyo.

Na wageni hawakunikimbia. Waliongezeka! Kila mtu alitaka kumwona yule mtu aliyesaga chokaa akaiita majivu ya vita. Hadi ninastaafu nilikuwa nikiwasimamisha kwanza kwenye lile shimo, nawaeleza upuuzi wangu wote neno kwa neno, ndipo nawapeleka kisimani. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Msiliruke shimo langu kwa kunionea haya.

Sasa nimepanga chumba kwenye kichochoro kile kile, juu ya shimo, dirisha langu ni la pili kutoka msikitini. Miguu imechoka lakini masikio hayajambo. Mkipita nawasikia, kila mmoja wenu, na wengine tayari mmeanza kuremba. Mbele ya wageni wenu sitasema neno, hiyo ndiyo adabu ya mtaa na nimeishi kwayo. Ila wakishaondoka, mlango wangu uko hatua sita. Nitakuita siku hiyo hiyo, kahawa iwe tayari.